Mifupa ya Faza Yasema Habari za Kuukeni

Mgeni akishuka Chundwa, kisiwani Pate, swali la kwanza si kazi afanyayo. Huulizwa ni wa nani. Akiwa na asili ya visiwa hivi vya Lamu, atalijibu kama mtu avutaye kamba ya nanga: fulani bin fulani, bin fulani, bin fulani, mpaka wazee walioketi barazani waitikie kuwa sasa wamemjua. Wabajuni, watu wa visiwa hivi, wamezilinda nasaba zao hivyo kizazi baada ya kizazi, kila mji na jina lake na habari ya walikotoka watu wake. Ni elimu ya kichwani, na anayeihifadhi vizuri huheshimiwa.

Kamba hiyo ina kasoro moja. Kila fundo lake ni mwanamume.

Hesabu yake ni nyepesi. Mtu ana wazazi wawili, babu na bibi wanne, na wanaofuata juu yao ni wanane. Kila hatua idadi hujirudia maradufu, na katika kizazi cha kumi, yapata miaka 250 hadi 300 nyuma, nafasi za wahenga wake hufika 1,024. Ndoa za binamu hufanya mtu mmoja akalie nafasi zaidi ya moja, lakini wingi hubaki wingi. Basi mwenye kutaja mababa kumi bila kukosea amemtaja mtu mmoja tu wa kizazi hicho. Nafasi 512 kati ya zile zote ni za wanawake, na hakuna hata mmoja wao aliyetajwa.

Kwa muda mrefu hapakuwa na njia ya kuwafikia. Sasa ipo. Sayansi ya vinasaba imekwenda makaburini, katika miji ya kale ya pwani ikiwamo Faza, jirani ya Chundwa, ikarudi na habari ambayo shajara za kuumeni, yaani orodha za nasaba za upande wa baba, hazikuihifadhi. Habari hiyo yastahili kusomwa kwa makini na watu wa Pate wenyewe kabla wengine hawajaisoma kwa niaba yao na kuipa maana wanayoitaka.

Vinasaba, au DNA kama wengi wanavyosema, ni uzi mrefu na mwembamba mno uliokunjwa ndani ya kiini cha seli. Umeandikwa kwa herufi nne tu, A, T, C na G, na nakala moja kamili ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3. Uzi huo umegawanyika katika jozi 23 za kromosomu, na katika kila jozi moja imetoka kwa mama na moja kwa baba. Jeni ni kipande cha uzi huo chenye maagizo ya kutengeneza kitu cha kuendesha mwili, aghalabu protini. Jeni za protini ni karibu 20,000. Kabla yai au mbegu haijaundwa, kromosomu za kila jozi hubadilishana vipande, kama ukili unaofumuliwa na kusukwa upya, na ndiyo sababu ndugu wa tumbo moja hufanana bila kuwa sawasawa.

Kuna sehemu mbili zisizofumuliwa hivyo. Ya kwanza ni DNA ya mitokondria, pete ndogo ya herufi 16,569 iliyo nje ya kiini cha seli. Hii hutoka kwa mama peke yake. Kijana wa Chundwa anayo aliyorithi kwa mama yake, naye hatawarithisha wanawe. Dada yake ndiye atakayeipeleka mbele. Ya pili ni kromosomu Y, ambayo sehemu yake kubwa hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume ikiwa karibu vilevile. Kwa lugha ya watu wa pwani, ya kwanza ni ushahidi wa kuukeni na ya pili ni ushahidi wa kuumeni. Uzi uliobaki, ulio mwingi kuliko zote mbili, ni wa wahenga wa pande zote waliochangamana.

Mwezi wa Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Esther Brielle na David Reich wa Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na wanaakiolojia waliochimba pwani hii kwa miaka mingi, wakiwamo Mkenya Chapurukha Kusimba, Jeffrey Fleisher na Stephanie Wynne-Jones. Walisoma DNA ya watu 80. Wengi walizikwa Mtwapa. Wengine walitoka Manda, Faza, Songo Mnara, Kilwa na Lindi, na wengine Makwasinyi, bara, upande wa Taita. Wale wa pwani waliishi kati ya mwaka 1250 na 1800.

Kazi yenyewe si rahisi. Joto na unyevu wa pwani huila DNA upesi, na mifupa mingi ya kale hutoka mitupu. Ndipo wataalamu hutafuta mfupa mgumu unaolizunguka sikio la ndani, au jino, mahali ambapo uzi huweza kusalia kwa mamia ya miaka japo umekatikakatika. Vipande hivyo husomwa kimoja kimoja, kisha hulinganishwa na vya watu wa leo na wa kale wa Afrika, Uajemi, Uarabuni na India.

Matokeo yalikuwa wazi. Kwa wengi wa watu wale wa pwani, zaidi ya nusu ya DNA yao ilitoka kwa wahenga wa Kiafrika, na wahenga hao walikuwa hasa wanawake. Sehemu kubwa iliyobaki, ambayo kwa watu wengine ilizidi nusu, ilitoka Asia. Katika fungu hilo la Asia, asilimia 80 hadi 90 ilitoka kwa wanaume wa Kiajemi, na India nayo ilikuwamo. Mitokondria za watu wale karibu zote zilikuwa za Afrika. Kromosomu Y za wanaume wengi zilikuwa za Asia ya kusini-magharibi. Mchanganyiko ulikuwa umekwisha kuanza kufikia mwaka 1000 hivi. Baada ya mwaka 1500 asili ya Uarabuni ikazidi kuingia na ile ya Uajemi ikapungua.

Habari hizo zilipotoka, wengi walikimbilia nusu moja ya jibu. Wapo waliosema: kumbe Washirazi walikuwa kweli, wazee hawakudanganya. Ni sahihi. Masimulizi ya Kilwa kuhusu wakuu waliotoka Shirazi, Uajemi, yalidharauliwa na baadhi ya wasomi wa karne iliyopita kuwa ni hadithi za kujitukuza, na sasa mifupa imeyapa nguvu. Lakini anayesimama hapo amefanya kosa lile lile la kamba ya nanga: ameshika fundo la baba, akaliachilia la mama ambalo utafiti ule ule umelitaja kwa sauti kubwa zaidi.

Ushahidi wa ardhini huonyesha wanawake hao walikuwa watu wa mahali gani. Kusini mwa kisiwa hiki cha Pate, karibu na Siyu, yako magofu ya Shanga, ambako Mark Horton alichimba katika miaka ya 1980. Alikuta mji ulioanza katika karne ya 8, nyumba zake za miti na udongo, vyungu vyake vya ufinyanzi wa Kiafrika unaopatikana pwani na bara. Chini ya msikiti wa Ijumaa wa mawe alikuta misikiti midogo ya awali iliyojengwa kwa miti na udongo, mmoja juu ya mwingine, ya kwanza ikiwa ya karne hiyo hiyo ya 8. Hiyo ni zaidi ya miaka mia mbili kabla ya mwaka 1000. Basi Waajemi walipoanza kuoa na kuzaa pwani hii, walikuta bandari zenye wenyewe, na katika kisiwa cha Pate walikuta pia mahali pa kusalia.

Walikuta na lugha. Hapa ndipo hoja inapopata uzito wake. Mtoto wa baba Mwajemi angeweza kukua akisema Kiajemi, na wajukuu wake wakafuata. Haikuwa hivyo. Kiswahili kilibaki Kibantu katika sarufi na mifupa yake, kikapokea maneno ya Kiarabu, Kiajemi na Kihindi kama nyumba inavyopokea vyombo vya kigeni, huku nguzo na boriti zikiwa zile zile. Kitikuu, lahaja inayosemwa Chundwa, Faza na Kizingitini, ni shahidi wa kila siku. Lugha ya kwanza ya mtoto ni ya anayemlea, na aliyewalea watoto wa miji hii alikuwa mama wa hapa hapa.

Hata shajara za kuumeni zina mahali ambapo mama huonekana. Habari za Pate, zilizochapishwa na C. H. Stigand mwaka 1913, zasema kuwa Suleiman wa ukoo wa Nabhani alifika kutoka Oman, akamwoa binti wa mfalme wa Pate, na ufalme ukamjia kwa njia ya ndoa hiyo. Tarehe inayotajwa ni mwanzo wa karne ya 13, ambayo wanahistoria huiona kuwa ya mapema mno. Hata hivyo kiini cha simulizi kinabaki: mgeni hakuwa mfalme mpaka mwanamke wa Pate alipompa mlango. Katika karne ya 18 Mwana Khadija alitawala Pate kwa jina lake. Lamu nako, katika familia za kiungwana, nyumba ya mawe ilikuwa mali ya binti, na mume ndiye aliyehamia kwa mkewe. Mfanyabiashara wa monsuni aliyekuja na kaskazi na kurudi na kusi alihitaji nyumba, wadhamini na shemeji. Vyote vitatu vilikuwa kuukeni.

Ukweli mwingine lazima usemwe pia. DNA huonyesha nani alizaa na nani. Haisemi kama mwanamke aliridhia. Pwani hii ilikuwa na utumwa, na ilikuwa na masuria. Mama wa Kiafrika katika mfupa wa Mtwapa au Manda aweza kuwa binti wa jumbe aliyeolewa kwa ngoma na mahari, na aweza kuwa mwanamke aliyeletwa kwa nguvu kutoka bara. Uzi wenyewe hautofautishi. Kuwarudisha mama katika historia ni kuwarudisha wote, walioheshimiwa na waliodhulumiwa, wala si kuchagua wanaopendeza kutajwa.

Uangalifu huu ni wa lazima kwa sababu asili, katika pwani ya Kenya, imewahi kuwa silaha. Serikali ya kikoloni ya Waingereza iligawa watu katika wenyeji na wasio wenyeji, na kwa mgawanyo huo ikapanga kodi, haki na nafasi za uwakilishi. Mtu aliyeweza kuonyesha baba Mwarabu alipata ngazi ya juu kuliko jirani yake mwenye sura, lugha na dini ile ile. Sera hiyo ilimpa kila mwenye nasaba sababu ya kumtukuza mhenga mmoja wa ng'ambo na kuwanyamazia mamia wa hapa. Baada ya uhuru upepo ukageuka, Mswahili akaanza kuambiwa kuwa yeye ni mgeni katika nchi aliyozaliwa, na aliyesema hivyo mara nyingi alitumia nasaba ile ile kama kithibitisho. Utafiti wa 2023 unawakatalia wote wawili. Anayesema Waswahili ni Waarabu waliohamia amekanushwa na mitokondria. Anayesema habari za Washirazi ni uzushi mtupu amekanushwa na kromosomu Y.

Bado mipaka ya utafiti iko, na si midogo. Waliopimwa wengi walizikwa katika makaburi ya watu wenye cheo, karibu na misikiti au ndani ya kuta za miji ya mawe. Mvuvi wa dema, mkata mikandaa wa hori za Pate, mkulima wa mtama, mjakazi wa jikoni, hao hawakujengewa kaburi la chokaa la kutambulika baada ya miaka 500. Kwa hiyo picha iliyopatikana ni ya wenye nacho. Mifupa ya kisiwa cha Pate iliyosomwa ni ya Faza pekee, tena michache sana, na Faza yenyewe ilibomolewa na Wareno mwaka 1587 na kujengwa upya. Watafiti wenyewe wamesema kuwa asili ya watu wa pwani wa leo imeendelea kubadilika tangu enzi hizo, kwa kuchangamana zaidi na Waafrika na Waasia. Hakuna mtu wa Chundwa anayepaswa kujipa asilimia za Uajemi kwa kuwa mfupa wa Mtwapa ulikuwa nazo.

Vivyo hivyo kwa simulizi ya Wachina. Siyu na Shanga husimuliwa kuwa jahazi la Kichina lilizama karibu na kisiwa na mabaharia wake wakaoa huko. Mwaka 2005, China ilipoadhimisha miaka 600 tangu safari za baharia wake Zheng He, binti mmoja wa Siyu alipewa ufadhili wa kwenda kusoma huko kwa msingi wa simulizi hiyo. Mwaka 2013 ilitangazwa kuwa sarafu ya Yongle, mfalme wa China, imepatikana Manda. Mifupa iliyosomwa inataja Uajemi, India na Uarabuni. Hilo halitoshi kuwakanusha wazee wa Siyu, kwa kuwa mifupa ya Siyu haimo. Sarafu nayo haitoshi kuwathibitisha, kwa sababu sarafu husafiri bila mwenyewe. Swali liachwe wazi mpaka lipimwe vizuri.

Kuna jambo jingine ambalo jeni hulisema bila kujali cheo cha mtu, nalo ni la afya. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alikusanya damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi mwaka 1949. Aliona jeni ya selimundu iko kwa wingi kwa watu wa karibu na pwani na Ziwa Viktoria, na ni adimu nyanda za juu zenye mbu wachache. Mwaka 1954 alichapisha sababu yake: anayebeba jeni moja ya namna hiyo ana kinga dhidi ya malaria. Kasoro yenyewe ni herufi moja tu, A iliyogeuka T katika jeni ya hemoglobini. Tafiti zilizofanywa baadaye Kilifi, katika kituo cha KEMRI na Wellcome Trust, zimeonyesha kuwa kinga hiyo hupunguza malaria kali kwa karibu asilimia 90. Lakini mtoto akiirithi kwa wazazi wote wawili, hupata ugonjwa wenyewe wa selimundu, wenye maumivu makali na hatari ya kifo. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, kila uzazi una nafasi moja kati ya nne ya kumleta mtoto mgonjwa.

Jeni hiyo huweza kuja kuumeni, huweza kuja kuukeni, na nguvu yake ni ile ile. Daftari la nasaba lenye mababa peke yake haliwezi kuonya familia kwamba watoto wa upande wa bibi fulani walikuwa wakifa wadogo. Katika visiwa ambako binamu huoana, kumbukumbu ya pande zote mbili ni kinga, na kipimo cha damu kabla ya ndoa ni busara isiyopunguza heshima ya ukoo wowote.

Yako mambo yanayoweza kufanywa bila kungoja utafiti mwingine. Makumbusho ya Taifa ya Kenya husimamia ngome ya Lamu na ngome ya Siyu. Matokeo ya utafiti wa 2023 yabandikwe katika kuta za ngome hizo kwa Kiswahili kinachosomeka, pamoja na mipaka yake, ili mtoto wa Chundwa asiyahitaji kuyatafuta katika jarida la Kiingereza la ng'ambo. Walimu wa baiolojia, ambao kwa miaka mingi wameeleza urithi kwa njegere za Mendel, waongeze mfano wa Faza na Manda. Mwanafunzi ataelewa mitokondria upesi zaidi akiambiwa kuwa ndiyo iliyohifadhi habari za bibi zake.

Watafiti watakaokuja kuchukua mate au damu za walio hai wana wajibu wa kisheria. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inahesabu taarifa za vinasaba kuwa taarifa nyeti za mtu. Ridhaa isitafutwe kwa karatasi isiyoeleweka. Wazee, wanawake na vijana waelezwe kwa lugha yao sampuli inakwenda wapi, nani ataitunza na kwa muda gani, na matokeo yarudi kijijini kwanza. Waliotoa mate yao wana haki ya kuwa wasomaji wa kwanza.

Na familia nazo zina kazi yao, isiyohitaji maabara. Daftari la nasaba lifunguliwe ukurasa wa pili. Palipoandikwa jina la baba na babu, liandikwe jina la mama, la mama yake, na la bibi aliyemzaa huyo, pamoja na kijiji alikotoka. Mwana Kupona binti Msham, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858 na ambaye mumewe alikuwa mtawala wa Siyu, ni miongoni mwa wanawake wachache wa kisiwa hiki ambao majina yao yamehifadhiwa, na hata yeye hutambulishwa kwa jina la baba yake. Majina ya wengine bado yako vinywani mwa bibi wa Chundwa, Faza na Mbwajumwali. Waulizwe sasa, wangali hai.